Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao: Majaribio ya mfumo yapewe siku zake na bei yake

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

Na kwenu maofisa masuuli, wakuu wa vitengo vya TEHAMA na wakuu wa vitengo vya usimamizi wa ununuzi katika taasisi za umma.

YAH: MAJARIBIO YA MIFUMO YAKADIRIWE, YALIPIWE, NA YANAYOJIRUDIA YAFANYWE NA PROGRAMU

Waheshimiwa,



Naandika kutoka Pasiansi, Manispaa ya Ilemela, kwenye barabara iendayo Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Kazi yangu ni kujaribu mifumo ya kompyuta kabla haijafika kwa watumiaji. Naingiza yale ambayo mwananchi ataingiza, kisha naingiza na yale ambayo mtengenezaji hakuyategemea: jina moja badala ya matatu, namba ya simu iliyoanza na alama ya kujumlisha, malipo yaliyokatika katikati kwa sababu mtandao umeondoka. Mfumo ukikosea, naandika umekosea wapi na vipi, ili urekebishwe kabla kosa halijamfikia mtu.

Katika kazi hii nimesoma hadidu za rejea na mikataba ya kutosha kuona jambo linalojirudia. Seva zina bei. Leseni zina bei. Mafunzo yana bei, na safari za kikazi zina bei. Majaribio hupewa sentensi moja inayomtaka mzabuni ahakikishe mfumo umejaribiwa, bila kiasi, bila idadi ya siku, bila kusema nani atajaribu nini na nani atathibitisha. Siku za majaribio zinakuwa zile zilizobaki, na mara nyingi hazibaki.

Ombi langu kwenu ni hili: majaribio ya kila mfumo wa umma yakadiriwe kwa hesabu iliyoandikwa, yawe na bei na siku zake ndani ya zabuni, na sehemu yake inayojirudia iandikiwe programu ambayo taasisi itakabidhiwa iwe mali yake. Naleta ombi kwenu kwa sababu Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 iliipa Mamlaka jukumu la kuweka viwango na kusimamia utekelezaji wake, na miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma hupita mikononi mwenu kabla haijaanza. Mkiuliza swali moja zaidi pale mlangoni, kila halmashauri na kila wakala italazimika kulijibu.

Mfumo leo umebeba maisha ya watu. Mfanyabiashara wa hapa Ilemela akitaka leseni anaingia mfumo wa Tausi. Akitaka kulipa ada ya serikali, anapewa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia GePG, mfumo ulioanza mwaka 2017, ile namba ambayo mtaani tunaiita kontroo namba. Mzabuni anashindana kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Mgonjwa katika vituo vingi vya afya vya serikali anaandikishwa kwenye GoTHOMIS. Mfumo ukigoma, mhudumu wa dirishani husema mtandao unasumbua, na mwananchi anarudi kesho kwa nauli nyingine. Mara nyingi anachokiita mtandao ni hitilafu ya programu ambayo jaribio lingeikuta mapema.

Mkoa huu unajua thamani ya kukagua kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba mizani za wanunuzi zinawapunja. Hawakuishia kwenye malalamiko. Kupitia Lake Province Growers' Association, ambayo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, waliweka wapimaji wao kwenye vituo vya kununulia pamba, watu wasiomtegemea mnunuzi, ili uzito usemwe na mtu wa pili. Vuguvugu hilo ndilo lililozaa vyama vya ushirika, na kufikia mwaka 1955 likawa na shirikisho lake, Victoria Federation of Co-operative Unions. Leo kazi ile imekuwa ya kisheria: Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya biashara kila mwaka na kuiwekea alama. Muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba anajua kwamba mzani usiokaguliwa ni kosa. Lakini programu inayokokotoa ushuru wa gunia lake la dagaa haina utaratibu wa namna hiyo. Inaaminiwa kwa sababu ni kompyuta.

Naomba tutazame imani hiyo ilivyowaumiza watu kwingine. Nchini Uingereza, Shirika la Posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999, uliotengenezwa na kampuni ambayo baadaye ikawa chini ya jina la Fujitsu. Mfumo ule ulikuwa ukionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wakuu waliiamini mashine, wakawashitaki watu wa dirishani. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba zao kulipa deni lisilokuwapo. Desemba 2019, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, mmoja wa watu wa dirishani, na wenzake, Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo. Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mamia. Sasa mfikirieni kijana anayekusanya ushuru sokoni kwa mashine ya POS. Jioni mfumo unasema amekusanya zaidi ya fedha aliyopeleka benki. Ana nini cha kujitetea nacho, kama hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba programu ile ilijaribiwa kwa hali ya mtandao kukatika na muamala kujirudia? Kumbukumbu za majaribio ni ushahidi. Zinamlinda mwaminifu, na zinambana mwizi asijifiche nyuma ya kompyuta.

Hapo jirani, katika Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, idadi ya kura zilizokataliwa iliyoonekana kwenye skrini ya taifa ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya nchi hiyo, IEBC, Issack Hassan, alieleza baadaye kwamba programu ilikuwa ikiizidisha mara nane. Kosa la aina hiyo hunaswa na jaribio la dakika chache: ingiza kura 10 zilizokataliwa, tazama kama skrini inasema 10. Halihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Linahitaji mtu aliyepewa siku ya kulifanya, na programu ya kulirudia kila msimbo unapoguswa.

Kwetu, Mei 2021, ununuzi wa umeme wa Luku ulikwama kwa siku kadhaa nchi nzima. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dkt. Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa TEHAMA wasimamishwe kazi. Sina uchunguzi wa tukio lile mkononi wala simhukumu mtu. Nasema tu kwamba uwajibikaji unaoanza baada ya mfumo kuanguka umechelewa. Uwajibikaji wa mapema ni kumuuliza ofisa masuuli, kabla ya kusaini mkataba: umetenga siku ngapi za kujaribu, na umezipataje?

Hebu tuone jinsi siku hizo zinavyopotea. Tarehe ya uzinduzi hupangwa kwanza, na mgeni rasmi huarifiwa. Kisha mahitaji yanachelewa kukubaliwa kwa sababu idara mbili hazijaelewana. Takwimu za zamani zinachelewa kuletwa. Mtengenezaji anaanza kuandika msimbo wiki nne nyuma ya ratiba. Uzinduzi hausogei, na kazi pekee iliyobaki ya kukatwa ni ile iliyo mwishoni. Watumiaji wachache wanaitwa ukumbini kwa siku mbili, wanaonyeshwa skrini, wanabofya mahali wanapoelekezwa, wanasaini fomu ya kukubali mfumo. Hapo mfumo umetazamwa. Kujaribiwa bado.

Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 katika kitabu chake The Mythical Man-Month kwamba alikuwa akigawa ratiba hivi: theluthi moja kupanga, sehemu moja ya sita kuandika msimbo, na nusu nzima kujaribu. Aliona pia kwamba miradi mingi haikupanga nusu hiyo, lakini ikaishia kuitumia, kwa sababu kasoro zilikuwapo na zilidai muda wake. Tangu hapo zana zimebadilika sana, na mradi mmoja haufanani na mwingine. Lakini mtu aliyeandika siku kumi za majaribio kwenye mradi wa miezi minane anadaiwa maelezo.

Maelezo hayo yanawezekana, na si ya kubahatisha. Chukueni mfano wa mfumo wa ushuru wa soko wenye huduma 40: kusajili mfanyabiashara, kutoa ankara, kutengeneza namba ya malipo, kupokea malipo, kufuta ankara iliyokosewa, kutoa ripoti ya siku, na kuendelea. Kila huduma ina njia iliyonyooka na njia za kukosea. Tukiweka wastani wa kesi 10 kwa kila huduma, tuna kesi 400. Kuandika kesi moja vizuri, pamoja na jibu linalotarajiwa, kunachukua dakika 15: hizo ni saa 100. Kuifanya kwa mkono kunachukua dakika 10, yaani takribani saa 67 kwa kesi zote. Lakini hakuna mfumo unaojaribiwa mara moja. Kasoro zikirekebishwa unarudia, maana rekebisho la hapa huvunja kitu cha kule. Mizunguko mitatu ni saa 200. Tuseme kesi 50 zikafeli, na kila moja ikadai dakika 45 za kuichunguza, kuiandika na kuithibitisha baada ya kurekebishwa: saa 38. Kuandaa mazingira ya majaribio na takwimu za mfano: saa 40. Jumla ni saa 378.

Wajaribu wawili, kila mmoja akiwa na saa 6 za kazi halisi kwa siku, watahitaji siku 32 za kazi. Hizo ni zaidi ya wiki sita. Anayetaka kuzifanya wiki mbili ana haki ya kujaribu, ila aseme wazi anachokiacha: atapunguza kesi zipi, au mzunguko upi, au ataongeza watu wangapi. Hiyo ndiyo faida ya hesabu iliyoandikwa. Inamlazimisha anayekata muda aone anachokikata.

Namba moja peke yake pia haitoshi. Mwaka 1958 Jeshi la Wanamaji la Marekani, katika mradi wa makombora ya Polaris, lilianza kutumia makadirio ya namba tatu: mambo yakienda vizuri sana, yakienda kama kawaida, na yakienda vibaya. Ya kawaida huzidishwa kwa nne, zote zinajumlishwa, kisha unagawanya kwa sita. Kwa mfano wetu, tuseme siku 25, 32 na 60. Jibu ni siku 35 na nusu. Pengo kati ya 25 na 60 lina habari kubwa kuliko jibu lenyewe. Linamwambia ofisa masuuli kwamba kuna jambo hatulijui, na aulize ni lipi. Huenda ni takwimu za zamani. Huenda ni kiunganishi cha taasisi nyingine ambacho bado hakijakamilika. Kuliuliza mwezi wa kwanza ni bure. Kuligundua mwezi wa nane ni gharama.

Naomba pia makadirio yasifanywe na mtu mmoja. Mjaribu akadirie peke yake, mtengenezaji peke yake, na karani atakayeutumia mfumo peke yake, kisha wakae wafananishe. Tofauti zao ndizo mazungumzo yenye maana. Na mradi ukiisha, saa zilizotumika kweli ziandikwe pembeni ya saa zilizokadiriwa. Mkikusanya kumbukumbu hizo kutoka taasisi zote, mtakuwa na hazina ambayo hakuna mzabuni mmoja aliye nayo: mtajua mfumo wa aina fulani nchini Tanzania huchukua muda gani kujaribiwa, kwa hali yetu.

Hali yetu ndiyo makadirio mengi yanayoisahau. Mfumo unajaribiwa ofisini, kwenye kompyuta mpya na mtandao wa nyaya, kisha unapelekwa visiwani Ukara au Kome, ambako simu inashika mnara kwa kubahatisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ikawa taabu nchini kote. Mfumo unaotegemea seva iliyo mbali ulifanya nini siku ile? Ulihifadhi muamala ukausubiri, uliupoteza, au uliurudia mara mbili? Kati ya hali zote ninazozijaribu, ile ya mtu kubonyeza Lipa, kuona kimya, kisha kubonyeza tena ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu ni ya kila siku na inagusa fedha. Ikikosekana kwenye orodha ya majaribio, mama muuza samaki atalipa ushuru mara mbili.

Mtaniambia hali ni nyingi mno. Ni kweli. Njia 5 za kulipa, aina 4 za simu, hali 3 za mtandao na aina 6 za walipaji ni michanganyiko 360. Lakini utafiti wa Richard Kuhn na wenzake wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, umeonyesha kwamba hitilafu nyingi huletwa na jambo moja au mambo mawili yakikutana. Ukipanga kesi ili kila jozi ya hali ikutane angalau mara moja, badala ya 360 unabaki na thelathini hivi. Kisha unaongeza chache mahali penye fedha au afya. Kukadiria vizuri ni pamoja na kujua kipi hakihitaji kujaribiwa mara mia.

Sasa naja kwenye programu zinazojaribu programu. Wapo wanaoziuza kama dawa ya kila ugonjwa, na wapo wasiotaka kuzisikia kwa sababu mradi wao wa kwanza ulikufa. Hesabu inaamua vizuri kuliko pande zote mbili. Kesi ambayo mtu anaifanya kwa dakika 10, tuseme kuiandikia programu kunachukua saa 2. Kila inapoendeshwa, tuiwekee dakika 2 za matunzo, maana skrini zikibadilika jaribio nalo linahitaji kurekebishwa. Kila mzunguko unaokoa dakika 8. Dakika 120 gawanya kwa 8 unapata 15. Kesi ambayo itarudiwa chini ya mara 15 iacheni kwa mkono. Lakini mfumo wa ushuru utaishi miaka mitano au zaidi, na ukiboreshwa kila mwezi hiyo ni mizunguko 60. Hapo kila kesi iliyoandikiwa programu inarudisha saa 6 baada ya kulipa gharama yake.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kosa la mikataba yetu. Mzabuni anayelipwa hadi siku ya uzinduzi ataona mizunguko mitatu tu, kwa hiyo kwake programu ya majaribio ni hasara. Faida yote iko upande wa taasisi, katika miaka inayofuata. Kama taasisi haikuiagiza na haikuilipia, haitaipata. Ndiyo maana naomba iandikwe kwenye zabuni kama kitu kinachokabidhiwa, sawa na mfumo wenyewe.

Ni kesi zipi zifanywe na programu? Zile za hesabu: viwango vya ushuru, riba, adhabu, jumla za ripoti. Zile za ruhusa: karani asiweze kufuta ankara ambayo hana mamlaka nayo. Zile za mawasiliano kati ya mifumo: malipo yakithibitishwa kule, hapa deni lifutike mara moja tu. Nyingi ya hizi zijaribiwe chini ya skrini, kwenye kanuni na viunganishi, ambako majaribio yanakwenda haraka na hayavunjiki kila rangi ya kitufe inapobadilishwa. Chache tu zipite kwenye skrini kutoka mwanzo hadi mwisho. Zana zenyewe hazina ada ya leseni: JUnit, pytest, na Selenium iliyoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004. Kinachohitaji fedha ni ujuzi na muda wa mtu.

Na yapo ya kumwachia binadamu. Kama bibi wa Bwiru anaelewa ujumbe wa kosa ulioandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, hakuna programu itakayojua. Kama karani amechoka na anaruka hatua, programu haitaona. Watumiaji halisi waitwe mapema, mfumo ukiwa nusu, na waachwe watumie bila kuelekezwa mahali pa kubofya. Wafuatwe Mwaloni alfajiri, wakati mizigo inashuka na hakuna mwenye subira. Na takwimu za majaribio zisiwe majina na namba za wananchi halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatudai hilo.

Tahadhari moja zaidi. Majaribio elfu moja yanayopita yote yanaweza kuwa hayajaribu kitu. Njia ya kujua ni rahisi na haihitaji utaalamu mkubwa: siku ya makabidhiano, ofisa wa taasisi aagize kiwango kimoja cha ushuru kibadilishwe kwa makusudi kwenye mazingira ya majaribio, kisha programu ya majaribio iendeshwe. Isipopiga kelele, isipokelewe.

Tunao mfano wetu wenyewe wa kazi iliyopangwa mapema. Mita za Luku zinafuata kiwango cha kimataifa kinachohesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na hesabu ile ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haingebadilishwa isingekubali tena umeme mpya. Tarehe ilijulikana, TANESCO ikatangaza, na katika mwaka 2024 wateja wakapokea namba za ziada za kuingiza kwenye mita zao kabla ya ile ya umeme. Kazi kubwa ilifanyika majumbani mwa watu bila nchi kuingia gizani siku ile. Hivyo ndivyo inavyokuwa jambo linapotazamwa mbele na kupewa muda wake. Naomba moyo huo uwe kanuni ya kila mfumo, usingoje tarehe ya kutisha.

Waheshimiwa, naomba mambo matano.

Kwanza, kila mradi wa TEHAMA unaoletwa kwenu uambatanishwe na makadirio ya majaribio: orodha ya huduma, idadi ya kesi, mizunguko, saa, watu, na namba tatu za muda.

Pili, majaribio yawe na mstari wake wa bei katika jedwali la zabuni, ili wazabuni washindane kwa ubora wa majaribio, na anayeweka bei ndogo kwa kuyafuta aonekane.

Tatu, anayejaribu kwa ajili ya kupokea mfumo asiwe mwajiriwa wa aliyeutengeneza. Wakulima wa pamba walilijua hilo zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Nne, programu za majaribio, kesi zake na ripoti zake zikabidhiwe kwa taasisi pamoja na msimbo, na ziendeshwe kila boresho linapofanywa kabla halijafika kwa wananchi.

Tano, ratiba ikichelewa, tarehe ya uzinduzi isogezwe. Ofisa masuuli akiamua kukata siku za majaribio, asaini kwa jina lake orodha ya kesi zilizoachwa.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa fedha. Nakubali kwamba bei ya zabuni itapanda pale inapoandikwa. Lakini gharama hii tunailipa tayari: makarani wanaofanya kazi mara mbili, mapato yaliyopotea siku mfumo ulipolala, mikataba ya marekebisho inayosainiwa mwezi mmoja baada ya uzinduzi. Mwaka 2002 NIST ilikadiria kwamba kasoro za programu ziliigharimu Marekani dola bilioni 59.5 kwa mwaka, na kwamba zaidi ya theluthi ya hizo ingeepukika kwa kujaribu vizuri zaidi na mapema zaidi. Sisi hatuna dola hizo za kupoteza.

Pingamizi la pili litakuwa watu. Watu wapo. Mwanza ina chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, ina kampasi za vyuo vya CBE na IFM, ina chuo cha VETA pale Nyakato. Vijana wanaomaliza huko wanajua kompyuta na wanatafuta kazi. Kujaribu mifumo ni kazi inayofundishika, inayohitaji umakini na uaminifu kuliko vifaa vya gharama, na inayoweza kufanyika Pasiansi kwa mfumo ulio Dodoma. Mkianza kuilipia, mtawaona wakijitokeza.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya ununuzi huandaliwa miezi kabla ya hapo. Marekebisho ninayoyaomba hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji jedwali moja kuongezwa kwenye fomu ya kuwasilisha mradi, na mtu wa kuurudisha mradi ambao haukulijaza. Liongezeni katika mzunguko ujao wa bajeti. Anzeni na mifumo inayopokea fedha za wananchi na ile ya hospitali, kisha mchapishe makadirio na muda uliotumika kweli, ili sote tujifunze.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjaribu mifumo,
Pasiansi, Ilemela,
Mwanza.